Buriani ya Karani wa Mizani

Nimeomba nafasi ya jioni hii redioni ili niseme juu ya neno moja tu, nalo ni neno buriani, kwa sababu naona kwamba tumelitenga neno hili na kazi yake ya asili, tukalibakizia kazi ya kupamba matangazo ya vifo na mashada ya maua, hali ya kuwa lilikuwa na kazi kubwa zaidi, na ngumu zaidi.

Siku hizi mzee akifa, wajukuu huandika "Buriani babu" chini ya picha yake iliyo nzuri kuliko zote, na huandika kwa moyo safi, wala siwalaumu. Lakini katika Kiswahili cha wazee wa pwani buriani haikuwa maneno ya kumwambia maiti. Buriani ilikuwa ikitakwa, na kutakwa kwake kulihitaji watu wawili walio hai: msafiri anayepanda jahazi asiyejua kama atarudi, au mgonjwa aliyekwisha kujijua, alimwita jirani yake, na ndugu yake, na aliyekuwa akimdai, akamwambia, "Tumekaa pamoja, na wakaao pamoja hawakosi kukoseana, kama una haki yako kwangu niambie niilipe, na kama siiwezi, nihalalishie," na yule mwingine akataka kwake vivyo hivyo, wakawiana radhi, ndipo wakaagana. Mmoja peke yake hakuweza kuitimiza.

Neno hili halikuzaliwa kwetu Mwanza. Mimi nililipata kwa babu yangu, mzaa baba, ambaye naye alilipata kwa fundi cherehani mmoja wa Pangani aliyekuwa na kibanda karibu na kituo cha kununulia pamba, mahali ambapo babu alifanya kazi ujanani mwake. Sisi wajukuu tulimwita Guku, kwa lugha yetu ya Kisukuma, na hivyo ndivyo nitakavyomwita hapa.

Guku alizaliwa mwaka 1928, mwaka ule ule reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza, na maisha yake yote alihesabu miaka kwa kuanzia na gari moshi. Kazi yake ilikuwa ukarani wa mizani. Vijana mtaniwia radhi nikiieleza kazi hii kwa urefu kidogo, maana ilikuwa kazi ya heshima, na bila kuifahamu hamtamfahamu mtu ninayemsema. Zamani mkulima wa pamba alibeba mzigo wake kichwani, au akaupakia juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akaufikisha kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi, na macho ya kuisoma yalikuwa ya mnunuzi, na mkulima asiyejua tarakimu alipokea alichoambiwa akarudi kwake na kinyongo kisichokuwa na ushahidi. Manung'uniko juu ya mizani hiyo ndiyo yaliyowasukuma wakulima wa Kanda ya Ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao, waunde vyama vyao wenyewe vya kuuza pamba, hata ilipofika mwaka 1955 vyama hivyo vikakusanyika chini ya shirikisho moja lililoitwa kwa jina la ziwa letu, Victoria, ambalo halikuchukua miaka mingi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Basi kila chama cha msingi kilihitaji mtu wake wa kusimama penye mizani, mtu ajuaye kusoma na asiyejua kuiba, na katika kijiji chetu, kando ya Ghuba ya Speke, wilayani Magu, wanachama walimchagua Guku.

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba au minane alinifundisha kupima. Alifunga kamba katikati ya mti ulionyooka, akautundika kwenye tawi la mwembe, upande mmoja kikapu cha karanga na upande wa pili mawe aliyoyachagua mtoni, akaniambia kwamba mwenye kupima haangalii uso wa mwenye mzigo, kwa kuwa uso wa mtu hutia huruma au hutia hofu, na vyote viwili huitikisa mizani. Kwenye mizani ya kweli, alisema, uutazame mshale. Utacheza, utakwenda huku na huku, na nyuma yako watu mia wana jua kichwani na haraka moyoni wanakupigia kelele. Nawe ungoje mpaka utulie. Uaminifu wa karani, kwa maneno yake Guku, haukuwa katika kuandika, ulikuwa katika kungoja.

Na jioni tulikaa naye shikome, penye moto ule wa uani ambamo samadi kavu huungua taratibu bila ndimi, moshi wake ukifukuza mbu na kuvutia watoto. Nataka mnielewe vyema hapa, kwa maana watu wengi huwaendea wazee wao kama mtu aendaye dukani, wakitaka wosia, wakakaa saa moja, wasipoupata wakaondoka wakidhani mzee hana kitu. Guku katika jioni nyingi hakutamka neno hata moja la hekima. Aliuliza ndama wamefungwa na nani. Aliuliza kama mtumbwi wa baba mdogo umerudi, na kama dagaa wameanikwa mahali pasipofika kuku. Tulibangua karanga, tukanyamaza, tukabangua tena. Yale niliyoyashika kwake yalianguka katikati ya hayo, pasipo kutangazwa, kama karanga idondokavyo ardhini mtu akaiokota kesho yake wakati wa kufagia.

Ng'ambo ya ghuba yetu, katika kisiwa cha Ukerewe, aliishi mzee Aniceti Kitereza, ambaye mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari ndefu za Myombekere na mkewe Bugonoka na uzao wao, na maandiko yale yakakaa miaka 35 kabla ya kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwenyewe akafariki mwaka uliofuata. Wako wasomaji wanaolalamika kwamba kitabu kile kinakawia mno, kwamba mgeni hawezi kupiga hodi bila kuelezwa alivyokaribishwa, na pombe ya ndizi haiwezi kunywewa bila kuelezwa ilivyopikwa. Mimi nilipokisoma nilimtambua mtu aliyekaa jioni nyingi kando ya wazee akiwa hana pa kukimbilia, na kukawia kule ndiko nilikokupenda.

Sasa nije kwenye jiwe. Chini ya mji wetu, kuelekea ziwani, liko jiwe kubwa la matale, jeusi upande wa juu na jeupe upande wa chini ambako maji yamelisugua, na juu sana ya weupe huo umechongwa mstari wa kulala, wenye urefu wa mkono, ambao Guku aliuchonga kwa tindo na nyundo mwaka 1964. Mvua zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961, zile zilizonyesha nchi ilipokuwa ikipokea uhuru wake, zilililisha ziwa mpaka likapanda zaidi ya mita 2, likameza magati na mashamba ya ukingoni na nyumba za watu, na mwaka 1964 ndipo lilipofikia kimo chake cha juu. Na Guku, kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, alitaka pawepo na stakabadhi.

Mwaka 2006 ziwa lilishuka kuliko watu wengi walivyopata kuliona. Mitumbwi ilikwama matopeni, na kutoka kwenye jiwe la Guku mpaka kwenye maji mtu alitembea hatua nyingi juu ya udongo uliopasuka. Nami wakati ule nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuoni, tukawa na wageni waliokuja kumposa shangazi yetu mdogo, na Guku, kwa furaha ya kuwa na wageni, akawatembeza, akawaonyesha mstari wake. Nikasema, mbele yao, kwamba tangu wazungu walipojenga bwawa la Owen Falls kule Jinja mwaka 1954, ziwa hili lina mlango na bawabu wake, haliwezi kupanda likafika pale, na kwamba labda mchongaji alikuwa na ngazi ndefu. Wageni wakacheka. Guku hakunijibu. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954 na mstari ulichongwa mwaka 1964, miaka 10 baada yake, na yeyote ajuaye kutoa angaliona kwamba maneno yangu yanajikanusha yenyewe. Guku alijua kutoa tangu mimi sijazaliwa, wala baba yangu hajazaliwa. Alinyoosha fimbo yake akasema anakwenda kutazama ndama.

Miaka minane ilipita. Nilipata kazi Dar es Salaam, nikaoa, na kila mwisho wa mwezi nilimtumia Guku fedha kwa simu, na kila nilipobonyeza tarakimu za siri nilijiona kama niliyefika nyumbani. Mwaka 2014 shangazi akanipigia. Alisema, "Guku wako amerudishwa kutoka hospitali, amekataa kukaa huko. Njoo. Hakuitii dawa, baba, anakuitia kazi."

Nilimkuta amelala kwenye kitanda cha kamba chini ya mwembe, mwepesi kama mtoto, na kando ya mto wake lilikuwako daftari moja la jalada la buluu. Siku nyingi kabla sijafika alikuwa ameanza kutaka buriani. Alikuwa amewaita watu mmoja mmoja. Jembe aliloazima kwa jirani aliyekwisha kufa alilirudisha kwa mjane wake. Mbuzi aliyekula mihogo ya watu, na kesi yake ikaisha kwa ubabe zaidi kuliko haki, alimlipia. Alinishika mkono akafungua daftari, akanionyesha mstari mmoja uliobaki bila kupigwa tiki. Uliandikwa jina la mwanamke, na mbele yake: ratili 4.

Ilikuwa mwaka 1957, akasema, jioni, wingu la mvua limeshafunga juu ya ziwa na watu wanasukumana kuepusha pamba yao isilowe. Mama mmoja mjane alitundika mzigo wake wa mwisho, na mshale ulikuwa bado unacheza, naye Guku akausoma kabla haujatulia. Usiku, akiwa kitandani, akauona tena machoni pake, akajua amempunja. Alidhamiria kumwambia msimu ujao. Na msimu ujao yule mama alikuwa amehama na wanawe kwenda upande wa Geita, kama walivyohama Wasukuma wengi miaka ile kutafuta ardhi mpya ya pamba. "Nimepima kwa miaka 19," Guku akaniambia, "nyingine zote nazijua. Hii sikuingoja."

Kesho yake nilisafiri kwenda upande wa Geita. Leo, tangu Juni mwaka 2025, lipo daraja la Kigongo na Busisi, la urefu wa takriban kilomita 3, na mtu hupita juu ya maji yale katika dakika chache. Siku ile nilivuka kwa kivuko, nikasimama ukingoni na bahasha mfukoni, nikifikiri kwamba natumwa kulipa ratili 4 za pamba kwa watu watakaoniona mwenda wazimu. Nikauliza vijiji viwili, na kijiji cha tatu nikaonyeshwa nyumba ya binti wa yule mjane, naye mwenyewe sasa bibi mwenye mvi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," akaniitikia marahaba, akanipa kigoda, nikaeleza nilichotumwa.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema hakumbuki mvua wala mizani. "Lakini mwanangu," akasema, "nilidhani humu duniani nimebaki peke yangu ninayemkumbuka mama yangu. Kumbe yuko mtu mwingine, ng'ambo kule, amelala naye daftarini miaka yote hii." Akalia. Fedha alizikataa mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu akatoa noti moja katika bahasha akaifunga kwenye pindo la kanga, kwa maelezo kwamba akikataa yote atamwachia mwenzake mzigo. Akasema nimwambie Guku kwamba wamemwia radhi, yeye na walio hai wa nyumba ile na walio kaburini, na kama kuna neno ambalo mama yake alimkosea karani kwa ulimi siku zile za foleni, naye awawie. Alinipa mfuko wa michembe ya viazi vitamu.

Nilimkuta Guku yu macho. Alitaka nieleze kama yule mama alivyosema, si kama mimi ningesema, na nilipomaliza akaniambia nirudie tena. Kisha akachukua kalamu, mkono ukitetemeka, akapiga tiki. Shangazi aliipika ile michembe kwa karanga za kutwanga, na Guku, ambaye kwa siku tatu alikuwa akinywa uji tu, alikula vipande vinne, akivitafuna kwa fizi polepole, akivihesabu.

Usiku ule tulibaki wawili. Akasema, "Sasa wewe." Akanitaka radhi kwa fimbo alizonichapa nilipokuwa na miaka tisa kwa ajili ya mtamba aliyepotea, kumbe mtamba hakupotezwa na mimi. Nilikuwa nimekwisha kuzisahau fimbo zenyewe. Nikasema, "Hakuna neno, Guku, hakuna neno," kwa ile haraka ya aibu tuliyo nayo mtu mkubwa anaponyenyekea mbele yetu. Naye akanyamaza akanitazama. Alinitazama usoni kwa utulivu, muda mrefu, na mimi, kwa kuwa kati ya babu na mjukuu kuna utani uliohalalishwa na mila, nikaukimbilia utani: nikamwambia kwamba deni la fimbo nitalidai kwa ng'ombe, na kama hana ng'ombe nitamchukua bibi. Akacheka mpaka akakohoa. Asubuhi nikapanda basi kurudi kazini. Siku ya tisa akafariki.

Nimekumbuka mara nyingi namna alivyonitazama. Nilikuwa nimeiona namna ile tangu utotoni, chini ya mwembe ule ule: ndivyo alivyoutazama mshale. Alikuwa akiningoja nitulie.

Tulimzika karibu na zizi, kama alivyousia. Matanga yalijaa. Walikuja wajukuu kutoka Dar es Salaam na Kahama na Nairobi, wengine waliokuwa hawajakanyaga uani pale kwa miaka kumi, wamekodi magari usiku kwa usiku, na michango ya rambirambi ilizidi fedha zote alizotumiwa katika uhai wake. Na wanaume tulilala nje tukiuzunguka moto, tukimsifu mtu ambaye wengi wetu tulikuwa na nauli ya kumwendea na hatukwenda. Kila mmoja alisema buriani, Guku. Mimi niliitupa konzi yangu ya udongo bila kusema.

Najua kuwa wako wanaonisikia ambao hawakupewa hata siku moja ya kungojwa. Mji wa Mwanza hauwezi kusahau tarehe 21 Mei mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka ikiwa imekaribia bandari, ikazama na mamia ya watu, wengi wao wakizikwa pale Igoma ambako kila mwaka siku hiyo watu hukusanyika kwa sala; wala Ukerewe hawawezi kusahau tarehe 20 Septemba mwaka 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, wakapotea zaidi ya watu 200, abiria wakionekana na wenzao waliokuja kuwapokea. Kwa wafiwa hao buriani ilikatwa katikati, na hapana mtu awezaye kuwalaumu kwa lolote. Ninayemsema ni mimi, na wale walio kama mimi, tuliopewa siku, tukapewa usiku mzima kando ya kitanda cha kamba, na aliyekuwa akiondoka akatutangulia kwa kusema lake ili atufungulie njia. Nawasihi, ndugu zangu, ambao wazee wenu wangalipo: nendeni mkakae, msiende kupita, na mzee akikutaka radhi, usimwambie hakuna neno. Liko neno. Litafute ulitoe.

Mwezi Mei mwaka 2020, baada ya mvua zile nyingi, ndugu yangu alinipigia akasema ziwa limepanda, limefunika bustani ya vitunguu na njia ya mitumbwi, na kwamba nije nione. Nilikwenda na binti yangu, wakati huo ana miaka sita, aliyezaliwa wiki tano baada ya Guku kuzikwa. Tulivua viatu. Maji yalikuwa yamefika mahali ambapo mwaka 2006 palikuwa mlimani kwetu, nikambeba mgongoni, tukaingia mpaka kiunoni mwangu, tukalifikia jiwe kwa upande wa ziwa, upande ambao sikuwahi kusimama maishani mwangu.

Wimbi dogo lilikuja likalipiga jiwe, likaufunika mstari, likashuka, ukaonekana, likaja tena. Nilisema pale yale niliyopaswa kuyasema chini ya mwembe: bwawa, na ngazi, na wageni kucheka. Mtoto aliniuliza nazungumza na nani, nikamwambia na Guku, aliyechonga hapa. Akanyoosha mkono kupitia bega langu, akaweka kiganja juu ya mstari, akangoja wimbi, akakitoa kimelowa.

"Baba," akasema, "yamefika."